Briji ya gitaa kavu: ubao mzima au matabaka?

Briji ni kile kipande cha mbao kilichogundishwa kwenye uso wa gitaa, ambako nyuzi hushikwa kwa pini. Nyingi za magitaa ya nyuzi za chuma hufa kifo kimoja. Ufa huanza kwenye tundu moja la pini, ukatambaa hadi tundu la jirani, kisha la pili yake, mpaka matundu yote sita yanaungana kwa mstari mmoja. Nyingine hupasukia kwenye mfereji unaobeba mfupa, kile kijiti chembamba ambacho nyuzi hupita juu yake, ukuta wa mbele ukaanza kuegemea upande wa shingo. Mwenye gitaa akiambiwa ni ya kubadilisha, huuliza aweke ya ubao mzima au ya matabaka, yaani ya vipande vyembamba vilivyogundishwa pamoja. Wapo wanaoapa kwamba matabaka ni ujanja wa viwanda wa kuficha mbao duni, na wapo wanaoamini kwamba matabaka hayapasuki asilani.

Kinachoamua ni mambo matatu: nyuzinyuzi za mbao zinaelekea wapi pale ufa unapotaka kupita, briji ina uzito gani, na gundi iliyomo ndani itafanya nini siku briji itakapopashwa moto ili ing'olewe. Hilo la tatu husahauliwa sana, na ndilo linalomtesa fundi wa baadaye.

Tuanze na nguvu zenyewe. Seti ya nyuzi nyepesi, 0.012 hadi 0.053 ya inchi, ikifungwa na kutyuniwa kawaida kwenye gitaa lenye urefu wa uzi wa milimita 645, huvuta kwa jumla ya kilo 70 na ushei. Mvuto huo haupiti usawa wa uso wa gitaa. Unapita juu ya mfupa, kama milimita 12 au 13 kutoka usoni. Kwa hiyo briji haivutwi mbele tu, inapinduliwa: ukingo wa nyuma unanyanyuka na ukingo wa mbele unazama. Ndiyo maana unapokagua gitaa, karatasi nyembamba unaipitisha kwanza kwenye ukingo wa nyuma. Ikiingia hata milimita mbili, gundi imeshaanza kuachia.

Mkondo wa mbao ya briji, yaani mwelekeo wa nyuzinyuzi zake, hufuata urefu wa briji, yaani unakingama mkondo wa uso wa gitaa. Ni lazima iwe hivyo, kwa sababu briji nayo ni ubavu, yaani kijiti cha kuimarisha uso, tena mnene kuliko mbavu nyingi zilizo ndani, na kazi yake mojawapo ni kuuzuia uso usijikunje. Lakini mpangilio huohuo unamaanisha kwamba matundu sita ya pini yanakaa juu ya mstari mmoja wa nyuzinyuzi, kama vitundu vya karatasi ya stempu. Mbao ina nguvu nyingi kwa urefu wa nyuzinyuzi zake na nguvu kidogo sana kwa kukingama. Ukiweka kabari ndani ya tundu, inachanika.

Na kabari ipo. Pini ina umbo la koni, ya digrii 3 au 5. Tundu likichongwa kwa kipanuzi cha digrii 3 likawekewa pini ya digrii 5, pini hugusa mdomo wa juu tu, na kila ikisukumwa kwa kidole gumba inapanua mdomo huo. Zaidi ya hapo, kile kipira cha shaba mwishoni mwa uzi kinatakiwa kukaa chini ya bamba la ndani, lile la mbao ngumu lililogundishwa chini ya uso. Bamba likiliwa, kipira hupanda tunduni, kikajibana kati ya pini na ukuta wa briji. Hapo mvuto wote wa uzi umegeuka kuwa nguvu ya kupasua. Fundi anayebadilisha briji iliyopasuka bila kuingiza kioo na taa ndani akatazama bamba, kazi yake itarudi.

Ubao mzima

Ubao mzima uliochaguliwa vizuri bado ndio chaguo la kwanza kwa gitaa la nyuzi sita. Maneno "uliochaguliwa vizuri" yana uzito. Mkondo uwe umenyooka toka ncha hadi ncha, na ukiutazama ubavuni usiwe unapiga mbizi kuelekea chini. Mapete ya mti yasimame wima au karibu na wima ukitazama kichwa cha ubao. Ubao uwe umekaa karakanani mpaka uzito wake umetulia: upime kila wiki kwa mizani ya jikoni ya gramu moja moja, na uzito ukikaa wiki tatu bila kushuka, ubao uko tayari. Ufa mdogo wa kichwani, hata unaoonekana kwa taa tu, ni sababu ya kukata sentimita moja zaidi au kuutupa ubao.

Kisha uzito. Briji ya umbo la tumbo, lile ambalo kiwanda cha Martin cha Marekani kilianza kulitumia mwishoni mwa miaka ya 1920 na ambalo viwanda vingi vimeliiga, huwa na urefu wa karibu milimita 152, upana wa 38 na unene wa 9 katikati. Ukishachonga mabawa, yaani sehemu zake mbili za pembeni, ukatoboa na kuchimba mfereji, inabaki mbao ya takriban sentimita 32 za ujazo. Kwa rozwudi ya India hiyo ni gramu 26 au 27. Kwa eboni ya Kameruni ni kati ya 30 na 34. Kwa mpingo wetu, ambao huzama majini kama jiwe, ni karibu gramu 40. Mkongo hukaa karibu na rozwudi, gramu 26 hivi. Mninga hushuka hadi 20.

Tofauti hizo zinasikika. Nyuzi zina nguvu ndogo ya kuutikisa uso, na kila gramu uliyoweka katikati ya uso ni ya kubebwa. Briji nyepesi huleta sauti kubwa inayojibu upesi, na pengine ikafifia upesi. Briji nzito hupunguza ukubwa wa sauti lakini noti hukaa muda mrefu zaidi. Gitaa dogo lenye uso mwembamba likivikwa mpingo wa gramu 40 huwa limezibwa mdomo. Gitaa kubwa lenye uso mnene na mbavu nzito linaweza kuibeba bila shida. Kwa hiyo kabla ya kung'oa ya zamani, jua kwamba uzito wake ndio mwongozo wako: ipime ikishatoka, na mpya isiizidi kwa zaidi ya gramu tatu au nne, isipokuwa unataka kwa makusudi kubadilisha sauti.

Mpingo una sifa nyingine inayofanya usiachwe. Ukikidondosha kipande chake kwenye sakafu ya saruji kinalia mlio mkali na mrefu, maana ndani yake sauti haizimwi upesi. Rozwudi hufanya vivyo hivyo. Eboni, kwa ugumu wake wote, hulia kwa ufupi zaidi. Tatizo la mpingo liko kwenye mti wenyewe. Gogo huwa jembamba, limejipinda, lina mashimo na nyufa za moyoni, na mbao safi inayotoka ni sehemu ndogo ya gogo. Kupata kipande cha milimita 160 kwa 40 kwa 10 kisicho na dosari, chenye mkondo ulionyooka, ni kazi. Vipande vya unene wa milimita 3 au 6 hupatikana kirahisi zaidi, na hapo ndipo matabaka yanapoanza kuwa na maana.

Mninga nao unadharauliwa kwa sababu si mweusi. Ni mbao iliyotulia mno: unyevu ukipanda na kushuka, haichezi sana. Udhaifu wake ni ulaini. Sakafu ya mfereji wa mfupa hubonyea na midomo ya matundu huliwa na nyuzi. Kwa briji ya mninga, tia kofia ya mpingo ya milimita 2 au 3 juu, mkondo ukifuata uleule wa chini. Utakuwa na briji ya gramu 24 au 25, karibu sawa na rozwudi, yenye ngozi ngumu pale panapohitaji ugumu. Kofia hiyo haizuii ufa, maana nyuzinyuzi zake zinaelekea kulekule. Inazuia kuliwa tu.

Matabaka ya kiwandani

Magitaa mengi ya bei nafuu yanayouzwa madukani kwetu yana briji iliyoundwa kwa karatasi nyembamba za mbao laini, zilizolowekwa rangi nyeusi na gundi ya kiwandani kisha zikakandamizwa kwa moto. Kuitambua si vigumu. Tazama ncha za mabawa, pale ambapo mbao imekatwa kwa kukingama: ukiona mistari iliyolala sambamba kama kurasa za kitabu, hayo ni matabaka. Chomoa pini moja, mulika tundu, utaona mistari hiyohiyo ukutani. Kipande cha pamba chenye spiriti kikipitishwa chini ya bawa, mahali pasipoonekana, kikatoka cheusi, basi hiyo ni rangi, si mti. Tahadhari: mpingo na rozwudi nazo huachia rangi ya zambarau au kahawia kwenye spiriti. Nyeusi ya makaa ndiyo ya kutilia shaka.

Briji ya namna hii si mbovu kwa sababu ya matabaka. Kama karatasi zimepishanishwa mkondo, haipasuki kirahisi kwenye mstari wa pini, kwa kuwa nyuzinyuzi za tabaka moja zinakatiza njia ya ufa wa tabaka jingine. Ubovu wake uko kwingine. Mara nyingi karatasi zote zimelazwa mkondo mmoja kwa sababu ni rahisi kiwandani, kwa hiyo faida ya kupishanisha haipo. Mbao ya ndani ni laini, na nguvu za kuinua ukingo wa nyuma zikikutana na mshono dhaifu milimita moja juu ya uso, matabaka huachana hapo hapo, chini bado kumeshika vizuri. Ukiona ukingo wa nyuma umeinuka lakini kuna ngozi nyembamba nyeusi iliyobaki imeng'ang'ania uso wa gitaa, ndicho kilichotokea. Usimimine gundi ya sekunde chache ukaibana. Itashika kwa muda mfupi, kisha utakuwa na gundi ngumu iliyozama ndani ya mbao ambayo gundi nyingine haitaki kuishika.

Kutengeneza ya matabaka inayostahili jina

Briji ya matabaka iliyoundwa kwa mkono inahitaji tabaka moja tu la kukingama. Wengi huliweka mahali pasipofaa. Fikiria mfereji: una kina cha milimita 5 kwenye briji ya unene wa 9, kwa hiyo sakafu yake iko milimita 4 juu ya uso. Tabaka la kukingama likiwekwa juu ya sakafu hiyo, mfereji unalikata katikati. Nyuzinyuzi zilizo mbele ya mfereji na zilizo nyuma yake hazishikani tena, na tabaka halisaidii kitu. Likiwekwa chini ya sakafu, nyuzinyuzi zinapita chini ya mfereji bila kukatwa, toka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, na pia zinapita kati ya tundu na tundu la pini. Hapo ndipo linapofanya kazi.

Lakini mabawa nayo hupunguzwa hadi milimita 3.5 hivi kwenye ncha. Tabaka likipanda juu ya hapo, ukichonga mabawa utalikata na mstari utaonekana. Kwa hiyo vipimo vinavyokubaliana na pande zote ni hivi: msingi wa milimita 2.2, tabaka la kukingama la 0.6, na kipande cha juu cha 6.5 ambacho kitarandwa hadi unene wa jumla ufike 9. Mgongo wa tabaka unaishia milimita 2.8, sakafu ya mfereji iko 4, bawa linaishia 3.5.

Usiongeze unene wa tabaka la kukingama ukidhani unaongeza nguvu. Mbao huvimba na kunywea kwa kukingama mkondo, si kwa urefu. Tabaka hilo linataka kurefuka na kufupika kwa urefu wote wa milimita 152 kila hewa inapobadilika, na vipande vya juu na chini vinalizuia. Kwa 0.6 vinaliweza. Kwa milimita 2 halizuiliki: briji inajipinda, au mshono unafunguka kwenye ncha.

Msumeno wa kawaida hautakupa 0.6. Kata 1.5, bandika kwa utepe wa pande mbili juu ya ubao ulionyooka, kisha sugua kwa msasa namba 120 uliolazwa juu ya kioo kinene, ukipima pembe zote nne kwa kipimo cha vernia. Kwa kuwa urefu wa briji ni milimita 152 na tabaka linakatwa kwa kukingama, huenda usipate kipande cha upana huo. Unganisha vitatu au vinne bega kwa bega. Mishono hiyo haina madhara, ilimradi isiangukie kwenye matundu ya pini.

Sasa gundi ya matabaka. Gundi nyeupe na ya njano ya seremala hulainika ikipata joto, nayo ya njano huanza kuachia karibu na nyuzijoto 60 hadi 65. Epoksi ya kawaida ya kukauka bila moto nayo hulainika kwenye joto hilohilo. Briji itang'olewa siku moja, na itang'olewa kwa moto. Ukiwa umeunganisha matabaka kwa gundi ileile inayoshika briji kwenye uso, fundi atakayepasha atashuhudia briji ikifunguka mikononi kurasa kwa kurasa. Tumia gundi ya unga ya urea, ile inayochanganywa na maji na kutumika kwenye fanicha na milango ya plaiwudi. Ikishakauka haiyeyuki kwa joto la pasi. Vaa barakoa unapochanganya na unapopiga msasa, maana vumbi lake linawasha na gundi yenyewe hutoa gesi ya formaldehidi.

Mpingo na rozwudi vina mafuta. Kwangua sura zote zinazokutana kwa ukingo mkali wa chuma, futa kwa asetoni na kitambaa cheupe mpaka kitambaa kisitoke na rangi nyingi, subiri ikauke, gundisha ndani ya saa moja. Ukiacha mpaka kesho mafuta yatakuwa yamerudi juu. Bana kati ya vibao viwili vinene vilivyowekewa nailoni, jiliwa nne au tano, saa 24. Kisha acha siku saba nyingine kabla ya kuranda, na ukague kwa rula ya chuma. Kama imejipinda zaidi ya upenyo wa karatasi moja, tengeneza nyingine.

Kuchimba, kutoboa, kuvisha

Chimba mfereji kabla ya kuchonga umbo, kipande kikiwa bado na pembe za mraba za kushikika. Upana 3.2 kwa mfupa mnene au 2.4 kwa mwembamba. Ukuta wa mbele ubaki na milimita 7 angalau. Mfupa uingie kwa vidole bila nyundo, na ukiigeuza briji kichwa chini usidondoke. Ukilegea, unaegemea mbele na kugeuka nyenzo ya kupasua ukuta. Sehemu ya mfupa iliyozama isipungue ile iliyo nje. Ikibidi mfupa uchomoze milimita 6 ili nyuzi zipate urefu unaotakiwa, kosa liko kwenye pembe ya shingo, na hakuna briji ya ubao mzima wala ya matabaka itakayostahimili hali hiyo miaka mingi.

Matundu ya pini hutobolewa kwa keekee ya milimita 5 au pungufu kidogo, kukiwa na ubao chini ili upande wa chini usichanike. Umbali kutoka la kwanza hadi la sita hutegemea gitaa, kati ya 54 na 59. Kwenye briji ya ubao mzima ni vyema safu ya matundu ifuate mshazari wa mfupa badala ya kuwa sambamba na ukingo wa nyuma, ili matundu yasikae kwenye mstari uleule wa nyuzinyuzi. Ni badiliko la milimita tatu tu toka mwanzo hadi mwisho, halina gharama, na linaongeza maisha ya briji. Lakini kama uso na bamba tayari vina matundu ya zamani, utalazimika kuyafuata, na hiyo ni sababu nyingine ya kuweka tabaka la kukingama.

Uso wa gitaa kavu haujanyooka. Una tumbo dogo, na chini ya briji panatakiwa pafuate tumbo hilo. Bandika msasa namba 80 juu ya uso mahali pa briji, sugua briji mara chache ukiilenga palepale, kisha maliza kwa kukwangua. Ukibana mabawa kwa nguvu ili yaguse, umeweka chemchemi itakayokuwa inavuta gundi usiku na mchana. Vanishi iondolewe kabisa chini ya briji. Viwanda vingi huacha mkanda wa milimita moja au mbili wa vanishi pembeni ili kuficha kosa la kupanga, na huo ndio mwanzo wa kuachia, kwa sababu ukingo wa nyuma, unaobeba nguvu kubwa kuliko sehemu zote, haujashika mbao. Chora alama kwa wembe mkali ukiugusisha tu. Wembe ukizama ndani ya sprusi, ile mbao ya uso, utakata nyuzinyuzi zinazoshikilia uso dhidi ya mvuto wa nyuzi, na uso utabetuka palepale.

Nafasi ya mfupa ipimwe toka kwenye nati, kile kijiti cha juu shingoni ambako nyuzi huanzia, hadi katikati ya mfupa. Kwa gitaa la milimita 645, uzi wa kwanza uongezewe kama 2 na wa sita kama 5. Rekebisha hili kabla ya gundi. Baada ya hapo ni kuziba mfereji na kuchimba upya.

Gundi ya kushikiza briji usoni ni hadithi tofauti na ile ya matabaka. Hapa unataka inayoachia kwa moto na maji, lakini isiyotambaa polepole chini ya mvuto. Gundi ya ngozi ndiyo bora. Iloweke kwenye maji baridi, ipashe ndani ya chombo cha maji ya moto hadi nyuzijoto 60, isichemke. Pasha pia briji na uso kwa mashine ya kukaushia nywele, kwa kuwa una kama dakika moja tu kabla haijaganda. Gundi ya njano inakupa dakika tano na inatosha kwa kazi nyingi, ila gitaa lililoshikwa nayo lisiachwe kwenye gari lililofungwa juani. Jiliwa ya katikati kwanza, za mabawa baadaye, na ndani uweke kibao kilichochongwa kupisha mbavu. Saa 24 kabla ya nyuzi.

Kung'oa

Toa pini na mfupa. Kama briji ina vidoto vya lulu kwenye mabawa, au kati ya matundu ya pini na ncha, tazama ndani kwa kioo: magitaa mengi ya Japani ya miaka ya 1960 na 1970, na baadhi ya yale ya kiwanda cha Gibson, yana boliti zilizofichwa chini ya vidoto hivyo. Funika uso kwa kadibodi iliyofungwa karatasi ya alumini, ukikata dirisha la umbo la briji. Weka juu ya briji kipande kinene cha alumini kilichopashwa kwa pasi, kishike mpaka joto lishuke hadi kwenye gundi. Kisu chembamba kisicho na makali, kilicholoweshwa, kiingie kwenye pembe ya nyuma. Kikikwama, pasha tena. Kinyanyue kidogo uone: kama vijiti vya sprusi vinainuka pamoja na kisu, mkondo wa uso unapiga mbizi kuelekea huko, hivyo geuka uingilie upande wa pili.

Kwa ubao mzima, subira inatosha. Kwa matabaka ya kiwandani, usishindane. Mara nyingi tabaka za juu zitatoka na ya chini itabaki. Acha ipoe, ipunguze kwa randa ndogo yenye makali mapya mpaka iwe nyembamba kama karatasi, halafu weka kitambaa chenye maji ya moto juu yake dakika chache na uikwangue taratibu kwa kufuata mkondo wa sprusi.

Tofauti ya hewa nayo ihesabiwe. Gitaa lililotengenezewa Tanga au Mombasa likihamia Dodoma wakati wa kiangazi, uso wake hunywea kwa upana wakati briji, iliyolazwa kwa urefu, haifupiki. Mabawa ndiyo yanayoanza kuachia. Hili halina dawa kwenye uchaguzi wa ubao mzima au matabaka. Dawa ni kugundisha siku kavu, na kuhifadhi gitaa ndani ya begi lake na kitambaa chenye unyevunyevu ndani ya chombo chenye matundu.

Kwa gitaa la nyuzi 12, ambalo mvuto wake hupita kilo 100 na lina matundu maradufu, weka tabaka la kukingama bila kusita. Kwa nyuzi sita lenye bamba zima na pini zinazokaa sawa, rozwudi au mkongo wa ubao mzima unatosha. Kwa mpingo, unda matabaka, kwa sababu vipande vyembamba ndivyo vinavyopatikana safi, na msingi wake wa milimita 2.2 unaweza kuwa wa mninga ili kupunguza gramu kadhaa.

Anayetaka kuuza nje atambue kwamba mpingo ni jamii ya Dalbergia, na jamii hiyo yote, ukiacha rozwudi ya Brazili iliyo kwenye Kiambatisho cha Kwanza, iko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2, 2017. Ala zilizokamilika na sehemu zake zilizokamilika ziliondolewa sharti hilo Novemba 26, 2019. Vipande ghafi vya briji havikuondolewa, vinahitaji kibali. Mninga na mkongo navyo viliongezwa baadaye, kwa masharti yanayohusu magogo na mbao. Nunua kwa mtu mwenye karatasi za mavuno, na zihifadhi pamoja na mbao zenyewe, zikiwa na tarehe na uzito ulioandikwa siku ulipozipokea.